Mtani Kashika Ufunguo wa Pijo

Mume wangu Abdulswamad alifariki Jumapili alasiri, gari likiwa limeshawashwa. Alikuwa ametoka kuswali, akalipasha moto uani kwetu Magomeni kama alivyofanya kila Jumapili, kisha akarudi ndani kuchukua kofia. Mimi nilikuwa nje na mkoba wangu, namngoja. Alipochelewa nikasema moyoni, leo hata kofia anaivaa polepole. Nilipoingia nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kofia iko magotini, ameegemea ukuta kama mtu anayesikiliza redio. Redio ilikuwa imezimwa.

Watu walijaa upesi. Gari likaendelea kunguruma uani peke yake, hakuna aliyelikumbuka. Aliyelizima ni jirani yetu Isidori, Mnyamwezi wa Sikonge, ambaye alikuwa anauza turubai karibu na duka la mume wangu Kariakoo. Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni, akaligonga gari kwenye boneti.

"Pole, mzee mwenzangu," akaliambia gari. "Leo ndiyo siku ya kwanza Mzaramo kuwahi mahali."

Wanawake waliokuwa wanalia wakashindwa kuendelea vizuri.

Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana ruhusa asiyopewa ndugu wa damu; hata akishika kitu cha marehemu, hakirudi mpaka kikombolewe kwa anachotaka. Isidori aliitumia yote. Alivaa koti la marehemu. Alijilaza kwenye mkeka wa wazee, akaagiza chai kwa sauti ya marehemu, ile ya kuvuta maneno, akataka iletwe "bila haraka, lakini leo." Mimi nilikuwa ndani na wanawake, makaburini sikwenda, ila nilisimuliwa kwamba jeneza lilipotoka na wabebaji wakakaza mwendo kama ilivyo sunna, Isidori alikimbia mbele yao akatandaza mikono.

"Taratibu jamani, mtamtia kizunguzungu! Mtu tangu anunue gari hajazidi ishirini, leo mnamkimbiza hamsini?"

Wanasema hata sheikh aligeukia pembeni akajifanya anakohoa.

Ile ishirini haikuwa chumvi. Gari letu lilikuwa Pijo la zamani, rangi ya maziwa, na kila Jumapili lilitutoa Magomeni, likatupitisha Jangwani na Msimbazi, tukachungulia duka lake la vitasa na bawaba kama bado lipo, kisha Gerezani, stesheni ya reli, Sokoine, Kivukoni, hadi Ocean Road chini ya mivinje. Tukifika Daraja la Salenda tunageuza. Daraja hatukuwahi kulivuka. "Ng'ambo kule ni mji mwingine," alikuwa akisema. Kushuka pia hatukushuka. Niliwahi kumuuliza, sasa leo tumekwenda wapi? Akanishangaa. "Si tumepita?"

Njiani alikuwa ananionyesha. Tukifika Boma la kale: "Sitara, tazama kushoto. Kuta zile ni matumbawe." Tukifika kanisa la Azania: "Tazama kushoto. Vigae vile vilikuwepo kabla ya babu yako." Kila Jumapili yaleyale, kama vile mimi ni mgeni nimeshuka na treni asubuhi ile. Na kila Jumapili mimi nilitazama kushoto. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga honi mpaka wanachoka. Akitaka kuwapisha alikuwa anawasha taa ya kushoto, na kwa kuwa fundi mmoja aliunganisha nyaya anavyojua yeye, zilikuwa zinawaka zote nne.

Hatukujaaliwa mtoto. Kwa hiyo ulipofika wakati wa mirathi kikao kilikuwa cha shemeji zangu, mimi nikiwa ndani ya eda, nyuma ya pazia. Ismail, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekiongoza. Ni mtu mwema, lakini ana haraka ya kumaliza mambo, kama vile haraka ya ukoo mzima aliichukua peke yake. Duka liliongelewa, nyumba ikaongelewa, kisha gari.

"Pijo tumuuzie Beno wa Gerezani," akasema. Beno anakata magari mabovu na kuuza spea. "Shemeji hajui kuendesha. Likikaa uani litakuwa banda la kuku. Shemeji, unasikia?"

"Nasikia."

"Unakubali?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema chukueni friji, chukueni kabati, lakini hilo msilikate. Neno likanikwama, na kumbe ukiwa nyuma ya pazia, kunyamaza kunahesabiwa ndiyo.

"Haya, limepita," Ismail akasema. "Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi," Isidori akajibu kutoka mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemwalika. "Na haujakombolewa."

"Mtani, msiba umekwisha. Unataka nini, jogoo?"

"Jogoo ninaye, ana adabu kuliko nyinyi. Mimi nataka mjane akitoka eda akalishwe kwenye kiti chake, apitishwe njia ya marehemu, kwa mwendo wa marehemu. Nitaendesha mimi. Mke wangu Evarista atakuwemo garini, msije mkapata la kusema. Tukimaliza, ufunguo nautoa."

Wazee walicheka wakapitisha, maana kumkatalia mtani ni kujitafutia balaa. Ismail naye akapitisha, kwa sharti moja: safari iishie kwa Beno, siku hiyohiyo, gari likabidhiwe.

Eda ikaisha. Jumapili ile wifi yangu Zulekha alikuja asubuhi na mkoba uliojaa. Nilidhani ataniletea khanga. Akatoa gauni la hariri rangi ya malai, mtandio wenye nyuzi za dhahabu, hina, asumini na chetezo cha udi.

"Wifi, si umezidisha?"

"Tunakutoa eda, hatutoi gunia ghalani. Leta mkono."

Nilipotoka uani nilikuwa nanukia mpaka paka alinipisha. Isidori naye alikuwa ameliosha Pijo likang'aa, amevaa koti lilelile la marehemu, ambalo nalo lilikuwa bado halijakombolewa. Evarista alikuwa amefunga shada la waridi mbele ya boneti.

"Marehemu alipenda maua," akasema.

Hakupenda. Yalikuwa yanamtia mafua. Lakini Evarista alikuwa na furaha sana, sikumwambia.

Nikakaa mbele, kwenye kiti changu. Evarista na Zulekha wakakaa nyuma. Isidori akawasha, akangoja injini ipate moto, akaangalia vioo vyote kimoja baada ya kingine, akasafisha koo, akasema kwa sauti ile ya kuvuta: "Bismillahi. Sitara, umefunga jiko?"

Zulekha akapiga ukelele kidogo huko nyuma. Ilikuwa sauti ya kaka yake kabisa. Mimi nilijibu, "Nimefunga," kabla sijajua kama najibu.

Tukaenda ishirini. Jangwani tulipitwa na mkokoteni wa maji. Msimbazi jamaa mmoja alitembea sambamba na dirisha letu, akamuuzia Evarista soksi, akampa chenji, akatuaga. Kariakoo duka la vitasa lilikuwepo. Isidori alikuwa hasahau kitu.

"Tazama kushoto," akasema tulipofika Boma. "Kuta zile ni matumbawe. Babu yangu mimi alitua mzigo palepale, Wazaramo wakamwibia kofia."

"Hiyo ya kofia marehemu hakuwa anaisema," nikamwambia.

"Atasemaje, na kofia anayo yeye?"

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu nilipoingia eda, nikaziba mdomo kwa mtandio kama niliyefanya kosa.

Kivukoni kulikuwa na pikapu imeegeshwa kando, na nyuma yake wamepanda watu wa matarumbeta, wamevaa mashati mekundu, wamechoka na jua. Isidori aliona gari linatubana kwa nyuma, akawasha taa ya kushoto kulipisha. Zikawaka zote nne.

Mzee mmoja mwenye tarumbeta kubwa akasimama juu ya pikapu. Akatazama Pijo rangi ya maziwa linavyokuja polepole. Akatazama shada. Akanitazama mimi.

"Hao hapo!" akapiga kelele. "Wamefika! Piga!"

Wakapiga. Pikapu ikaruka kutoka pale ilipokuwa, ikaingia mbele yetu, na kijana wa kamera akaning'inia nyuma yake akitupiga video.

"Isidori," nikasema, "wanamsindikiza nani?"

"Wewe."

"Waambie wamekosea!"

"Kwa matarumbeta haya nitasikika wapi? Tulia, mtani. Mwendo wao wenyewe ishirini."

Ilikuwa kweli. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya Pijo lile, aliyekuwa mbele yetu alikuwa anakwenda kama sisi, na waliokuwa nyuma hawakupiga honi za hasira. Walipiga za harusi. Bajaji mbili zikajiunga. Gari la watu waliotoka kanisani likajiunga. Trafiki kwenye makutano akasimamisha magari mengine yote, akatupungia tupite, akanipigia na saluti. Akina mama waliokuwa wanauza samaki wa kukaanga wakapiga vigelegele, mmoja akachungulia ndani, akamwona Evarista.

"Na bi mkubwa kaja kusindikiza! Mwanamke una moyo wewe! Mungu akulipe!"

Evarista, mke wa ndoa ya kanisani, akageuka kumtazama yule mama. Kisha akamgonga mumewe begani kwa mkoba.

"Bi mkubwa mimi?"

"Umesifiwa moyo, shukuru."

"Nikishuka hapa utajua moyo ninao au sina!"

Zulekha alikuwa ameteremka kwenye kiti mpaka kichwa hakionekani. Simu yake ikalia. Ilikuwa sauti ya Ismail, na hata bila spika tuliisikia wote.

"Zulekha! Nimetumiwa video. Shemeji kaolewa lini?"

"Hajaolewa, kaka."

"Na matarumbeta?"

"Yametokea tu."

"Yametokea tu! Mimi niko hapa kwa Beno, watu wananipa mkono. Wananipongeza, Zulekha! Nimemwoza mjane wa kaka yangu kwa Mnyamwezi na mimi mwenyewe sina habari?"

"Kaka, mtandao unakatika," Zulekha akasema, akakata yeye.

Ocean Road, chini ya mivinje, pikapu ikasimama. Maharusi wengi hupigiwa picha pale. Mzee wa tarumbeta akashuka, akaja dirishani kwa Isidori anajifuta jasho.

"Bwana harusi, hongera. Mnashukia hapa au kule mbele?"

"Mimi si bwana harusi," Isidori akasema. "Mimi naendesha kwa niaba ya marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Mwenye gari. Huyu ni mjane wake, leo katoka eda. Yule wa nyuma ndiye mke wangu, na kwa sasa sidhani kama anataka kujulikana hivyo."

Yule mzee aliniangalia. Nikamwangalia. Mikono yangu ina hina mpaka vifundoni. Taratibu akavua kofia yake.

"Mama yangu, nisamehe. Tuliambiwa, gari la zamani, rangi ya maziwa, linakuja polepole, lina maua. Sasa hapa mjini ungengoja magari mangapi ya namna hiyo?"

Alipiga simu. Alisikiliza huku uso unamshuka. Harusi yenyewe gari lake lilikuwa limebadilishwa, maharusi walikuwa wameshaingia ukumbini Gerezani, na mjomba wa bi harusi alikuwa anauliza kwa maneno mazito matarumbeta yako wapi.

Kumbe Gerezani ndiko na sisi tulikokuwa tunakwenda. Wakaamua kugeuza pamoja nasi. Isidori akakataa kugeuza kabla ya daraja. "Safari ya watu ina mwisho wake," akasema. Basi pikapu ikatusindikiza mpaka Salenda, tukageuzia pale pa siku zote, tukarudi.

Wakati wa kurudi hawakupiga. Walikaa kimya nyuma ya pikapu, vyombo magotini, kwa heshima. Bahari ikawa upande wa kushoto sasa. Hapo Abdulswamad hakuwa anasema kitu. Alikuwa anasema wakati wa kwenda tu, kurudi alikuwa ananyamaza, na mimi nilikuwa nadhani amechoka. Isidori naye alinyamaza. Nikakaa na ule ukimya, nikautambua. Ulikuwa wa kwetu. Haukuwa umeenda naye makaburini, ulikuwa humu ndani ya gari, kati ya kiti changu na usukani, na jioni ile Beno angeukatilia mbali pamoja na milango.

"Hawa mbona wamenuna?" Zulekha akauliza baadaye, akitoa kichwa. "Mpaka Gerezani tutaonekana tumefiwa tena."

Tulipokaribia reli, mzee wa tarumbeta akaona haya kufika ukumbini kimya. Akainua mkono, wakaanza upya. Ndivyo tulivyofika kwa Beno.

Watu walikuwa wengi kuliko waliokuja msibani. Mafundi wametoka chini ya magari, wanagonga spana kwenye ringi. Ismail alikuwa katikati amevaa kanzu, anapewa mkono na watu asiowajua, na kwa kuwa ana adabu alikuwa anaitikia kila mmoja: ahsante, ahsante, si kweli lakini ahsante. Pikapu ikatupungia, ikaenda zake ukumbini. Beno alikuwa amesimama na jeki mkononi.

Ismail akaja dirishani kwangu.

"Shemeji, pole na safari. Teremka sasa."

Nikaangalia mbele.

"Shemeji. Teremka, Beno anangoja."

"Siteremki."

Sijui nani alishangaa zaidi, yeye au mimi. Zulekha nyuma akasema "He!" taratibu.

"Shemeji, tulikaa kikao. Ulikubali."

"Nilinyamaza. Sikukubali, nilinyamaza. Robo yangu ya mirathi ihesabiwe humu. Gari likizidi, chukueni friji na kabati. Hili halikatwi."

"Huendeshi! Utalifanyia nini?"

"Nitajifunza."

Mafundi wakapiga mbinja. Ismail akamgeukia Beno amsaidie. Beno akaweka jeki chini.

"Mzee, mimi nakata magari kila siku," akasema. "Lenye mtu ndani sikati."

"Basi Isidori, nipe ufunguo, tumalize," Ismail akasema, akanyoosha mkono.

Isidori akauchomoa. Akaushika juu watu wauone, kama anavyoshika turubai anapotafuta mteja.

"Mtani hanyang'anywi kitu, hukombolewa. Na kitu kikikombolewa kinarudi kwa aliyekikomboa. Sasa semeni nyinyi. Aliyekaa kiti hiki kwa mwendo huu, na jua hili, na matarumbeta yale, akaitwa bibi harusi wangu mbele ya mke wangu, ni nani? Ni Ismail?"

"Siyo Ismail!" mafundi wakaitikia. Mambo ya ukoo wetu hawakuyajua hata kidogo, lakini waliitikia kwa nguvu sana.

"Ismail amekomboa?"

"Hajakomboa!"

Akaniwekea ufunguo kwenye kiganja chenye hina. Ulikuwa wa moto.

Mtu mwingine akapita, akampa Ismail mkono, akamwambia hongera mzee. Akaitikia ahsante. Kisha akafungua mlango wa nyuma.

"Sogea, Zulekha," akasema. "Sitapanda basi la mwendokasi mimi na kanzu hii, watu wote Kariakoo wameshaniona kwenye video. Isidori, twende nyumbani. Na ukanyage mafuta kidogo."

"Muulize mwenye gari," Isidori akasema.

Akaniuliza. Nikamwambia ishirini inatosha.

Mambo yaliyofuata yalikuwa ya makaratasi na wazee, yakaisha kwa salama. Friji lilikwenda kwa Ismail, kabati likaenda kwa Zulekha. Koti Isidori bado analo.

Sasa najifunza udereva. Mwalimu wangu anaitwa Violeth, ni msichana mdogo mwenye sauti kubwa. Ananipitia asubuhi, tunakwenda kwenye kiwanja cha wazi nyuma ya shule, na wiki hii tunafanya gia ya pili, ambayo kwa ishirini inatosha.